Vitambaa Vilivyokataa Damu

Sehemu ya tisa

Najua mlinisema wiki nzima. Kuna mmoja alipiga simu hapa gazetini akadai nina roho mbaya: eti namwacha mama wa watu mlangoni mwa thieta, daktari katoka na beseni la damu, halafu nakata hadithi papo hapo. Haya, nisameheni. Ila nawaambia mapema, leo si siku ya kucheka. Mwenye leso aiweke karibu.

Na wewe uliyeingia leo, usijali, hujapitwa na mengi. Mama Chiriku ndiye mfuaji wa ile hospitali ndogo. Anafua mashuka, anafua makoti ya madaktari, anafua na vile vitambaa vya shashi vinavyowekwa ndani ya kidonda ili vinywe damu. Akishafua, mkwewe, kijana wanayemwita Fundi Mvuke, anavifunga vifurushi na kuviingiza kwenye mtambo wa mvuke kuua vijidudu. Leo asubuhi Chiriku, binti pekee wa yule na mke wa huyu, alipasuliwa ili ajifungue. Mtoto katoka salama, wa kike, anapiga kelele kama mama yake. Ndipo damu ikaanza, na ikakataa kukata.

Tuendelee.

"Hivi vina nini?" Daktari aliuliza.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alikuwa anawauliza watu wa kwenye korido kama mtu anayeomba msaada.

Mama Chiriku akachungulia beseni. Damu ilikuwa imejaa, na juu yake vitambaa vinaelea. Vinaelea, msomaji wangu! Kitambaa cha kunywa damu kikigusa majimaji tu kinatakiwa kizame. Hivi vilikuwa vimepata wekundu pembeni, katikati vyeupe pe.

"Naweka, nakandamiza, nikiinua damu iko palepale," Daktari alisema. "Inapita juu ya kitambaa inakwenda zake. Sioni hata inakotoka."

"Nimefungua kifurushi kingine," Sista, muuguzi mkuu, alijibu kutoka ndani. "Ni vilevile!"

"Vile vipya vya pakiti?"

"Vilivyobaki vimo kwenye gari la wagonjwa, na gari liko njiani limekwenda kuchukua mtu."

"Basi leteni mashuka! Leteni chochote!"

"Mimi nimevifua vizuri, Daktari," Mama Chiriku alisema. "Nimevifua kwa mikono yangu hii. Wiki hii nimevifua kuliko siku zote."

Na ilikuwa kweli. Mama yule alikuwa na jeuri moja tu duniani, weupe wa nguo zake. Ukimletea shuka lenye doa ukasema "acha tu, halitoki," umemtukana.

"Basi ni mvuke," Sista alisema. "Mtambo ukizidi moto unaua kitambaa. Huo mtambo umekuwa ukilalamika muda mrefu."

Macho yote yakamgeukia Fundi Mvuke. Alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi. Akafungua mdomo, akamtazama mama mkwe, akaufunga.

"Mama yake aingie," Daktari alisema ghafla. "Anamwita. Upesi."

Mnajua maana ya daktari kumwita mama mtu ndani ya thieta. Mama Chiriku naye alijua. Akavua viatu mlangoni, hakuna aliyemwambia avue, akaingia miguu mitupu.

Chiriku alikuwa macho. Walikuwa wamemchoma sindano ya mgongo, kwa hiyo kiuno kushuka chini hana habari nacho, lakini kichwa kipo. Uso umepauka. Mbele ya kifua chake wametundika shuka ili asione kinachofanyika huko chini.

"Mama."

"Niko hapa, mwanangu."

"Umemwona?"

"Nimemwona. Kelele zake tumesikia mpaka getini. Amekurithi."

Chiriku akajaribu kucheka. Huyu ndiye msichana aliyepewa jina hilo kwa sababu toka anaanza kuongea hakuwahi kunyamaza. Baba yake alikuwa akisema anaongea hata akiwa na maji mdomoni. Leo maneno yalikuwa yanamtoka moja moja.

Muuguzi alikuwa amemwekea kitambaa cha shashi kwenye paji la uso kumfuta jasho. Chiriku akakigusa kwa vidole.

"Mama, mbona leo vinanukia?"

"Ni kwa ajili yako. Si ulisema vya kwetu vinakwaruza kama msasa? Nikakununulia ile dawa ya kulainisha nguo, ile ya harufu ya maua. Nikasema mwanangu akilala pale asikwaruzwe na kitu."

"Mama na wewe," Chiriku alisema. "Utanidekeza mpaka lini?"

"Mpaka nife."

Sista alikuwa anahesabu mapigo kwa sauti, Daktari anaagiza uzi, anaagiza dripu nyingine, wamekandamiza mashuka kwa mikono yote waliyokuwa nayo. Hakuna aliyesikia mazungumzo ya mama na mwana. Chiriku akafumba macho kama mtu anayepumzika kidogo. Mama yake akaendelea kumsemesha. Akamwambia kuhusu kitanda cha mtoto, kwamba baba yake kakipaka rangi mara mbili na bado haridhiki. Akamwambia uji uko tayari nyumbani. Aliendelea kusema hata Sista alipoacha kuhesabu, mpaka Daktari akaja akamshika mabega kwa nyuma.

"Mama," Daktari alisema. "Mama, basi."

Siwezi kuwaelezea kilio kile. Nimejaribu mara tatu hapa mezani nimefuta. Itoshe kusema mgonjwa wa wodi ya mwisho kabisa aliacha kijiko mezani.

Nje kwenye korido Baba Chiriku alikuwa amempakata mjukuu. Mzee huyu ni mwashi, amejenga nusu ya nyumba za mtaa ule, mikono yake mikubwa na migumu. Alikuwa amemshika yule mtoto kama anaogopa atamvunja. Alipoona uso wa mkewe alielewa. Alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa, na mjukuu wake mikononi.

Katibu wa hospitali akafika, tai imepinda. Hawa watu msiba ukitokea wanatafuta kwanza wa kumtupia lawama.

"Nani anawajibika na vitambaa?"

"Mimi," Fundi Mvuke akasema.

Ala! 

"Ni mtambo wa jana," kijana akaendelea, anatazama sakafu. "Niliuacha ukapitiliza. Moto ulizidi, vitambaa vikaungua kwa ndani. Niliviona, nikanyamaza nikavifunga hivyo hivyo. Kosa ni langu peke yangu."

"Vya jana tu?" Sista aliuliza. "Na vya juzi vilivyoko kabatini?"

"Vya jana tu. Vya juzi havina shida."

Kofi lilitua kabla hajamaliza. Mama Chiriku, ambaye hata kuku humwomba radhi kabla ya kumchinja, alimpiga mkwewe kofi la uso mbele ya watu wote.

"Nilikupa mwanangu!" alipiga kelele. "Nilikupa mtoto mmoja niliyekuwa naye, na wewe umeniulia! Umeniulia kwa uvivu!"

Fundi Mvuke hakuinua mkono kujikinga. Hakugusa hata shavu. Askari wa geti akamshika kiwiko akampeleka stoo ya nyuma kusubiri polisi, na Baba Chiriku, kutoka pale sakafuni, akasema maneno matatu tu.

"Usikanyage kwangu tena."

*

Sista alimwambia Mama Chiriku alete shuka safi la kumfunika marehemu. Wengine wangesema ni ukatili. Lakini Sista alimjua mwenzake: asingevumilia mwanawe afunikwe shuka lililofuliwa na mtu mwingine.

Chumba cha kufulia kilikuwa kama alivyokiacha asubuhi. Masinki mawili ya saruji, kamba za kuanikia, pasi imekaa upande wake. Kwenye meza kulikuwa na rundo la vitambaa vya shashi ambavyo bado havijafungwa, vimekunjwa pembe kwa pembe. Akachukua shuka. Kisha akakaa kwenye kiti chake kidogo, akavuta kitambaa kimoja toka kwenye rundo akajifunika uso, akalia kwa nguvu zake zote.

Alilia mpaka kifua kikamuuma. Akakandamiza kitambaa machoni.

Machozi yakateremka mpaka kidevuni.

Akafuta tena. Yakasambaa shavuni, yakashuka shingoni. Akakitoa kile kitambaa usoni akakitazama. Kilikuwa kikavu. Alichukua cha pili toka katikati ya rundo. Kikavu vilevile, laini, kinanukia maua. Hivi havikuwa vimeona mtambo wa mvuke hata mara moja. Fundi Mvuke alikuwa hajavigusa.

Mama Chiriku akasimama. Akafungua bomba, akajaza sinki, akatupa kitambaa ndani ya maji.

Kikaelea.

Akatafuta kabatini kitambaa cha zamani, kile kigumu cha kufutia meza, ambacho hakuwahi kukitia dawa yoyote zaidi ya sabuni. Akakitupa nacho. Kikazama papo hapo, hakikungoja hata aondoe mkono.

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu, ni mimi."

Jamani, mnaelewa? Ile dawa inalainisha nguo kwa kuipaka kitu kama mafuta, ndiyo maana shati linateleza mkononi. Kwa shati ni raha. Kwa kitambaa cha kunywa damu ni sumu. Mfuaji mwingine yeyote, mvivu, asiyejali, angevifua kwa sabuni ya kawaida akaenda zake, na Chiriku angekuwa anaongea hivi sasa. Ni mama yake peke yake ndiye angefanya kosa lile, kwa sababu ni mama yake peke yake aliyejali kama vinakwaruza.

*

Askari wa geti alimruhusu kuingia stoo. Nani angemzuia mama aliyefiwa? Labda alidhani anakwenda kumwongezea kofi.

Fundi Mvuke alikuwa amekaa juu ya boksi la glavu. Alama ya vidole bado ilikuwa shavuni. Mama Chiriku akatupa kile kitambaa mapajani mwake.

"Ulijua?"

Kijana akakinusa, akakirudisha mapajani taratibu.

"Nilipofungua mtambo harufu ilijaa chumba kizima, mama. Nilicheka. Nikasema mama kamfulia mwanawe kwa manukato. Sikujua kama kuna ubaya, nakuapia. Nilikuja kujua Daktari alipotoka na lile beseni. Ulivyosema umevifua kuliko siku zote, nikajua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Mkeo yuko ndani anakufa, umwambie mama yake ni wewe unayemuua?"

Mama Chiriku akateremka mpaka chini, akakaa karibu na miguu ya mkwewe.

"Nimekupiga," alisema.

"Umenipiga kidogo. Chiriku alikuwa ananipiga zaidi." Akajaribu kutabasamu, uso ukamvunjikia katikati. Wakalia wote wawili, huyu juu ya boksi, yule sakafuni. Ilikuwa mara ya kwanza kijana kulia tangu asubuhi, maana alikuwa hajapata nafasi.

"Naenda kusema," Mama Chiriku akasema mwishowe.

"Usiende."

"Watakufunga, baba!"

"Wanifunge. Mama, nisikilize. Yule mtoto hana mama. Mimi hata kumbeba sijui, nilimshika leo wakanicheka. Ukifungwa wewe, nani atamwamsha, nani atamwogesha, nani atajua hiki ni kilio cha njaa na hiki ni cha tumbo? Baba yangu mkwe? Yule anajua matofali." Akamshika mikono. "Na baba akijua, atakuangalia usoni tena? Mtoto atakosa baba, sawa, wengi wanakosa. Asikose na bibi. Nyamaza, mama. Nakuomba kwa jina la Chiriku, nyamaza."

Mtu akikuomba kwa jina la mwanao aliyekufa leo, unajibu nini? Mama Chiriku aliinama. Akawaza yule mtoto, kidevu chake kilekile, ule mdomo usiotulia. Ndiye kitu pekee kilichobaki duniani kilichotoka kwa Chiriku. Akisema kweli, anampoteza. Akinyamaza, anampakata leo hii.

"Sawa," alisema.

Nisiwafiche, mimi ningefanya vilevile.

*

Alirudi korido na shuka lake mkononi. Wakamfunika Chiriku. Baba Chiriku alikuwa sasa kwenye benchi, mtoto amelala kifuani. Alipomwona mkewe akasogea kumpisha.

"Mchukue kidogo," alisema. "Mikono imekufa ganzi."

Akampokea. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Mtoto akageuza uso, akatafuta titi kwenye nguo, hakupata, akakunja paji la uso kama mtu anayejiandaa kugomba.

"Huyu Chiriku mwenyewe," Baba Chiriku alisema, na kwa mara ya kwanza chozi likamtoka. "Tutamlea, mke wangu. Tulimlea yule, na huyu tutamlea. Eti?"

"Tutamlea," Mama Chiriku alijibu, na moyo wake ukaanza kuamini.

Hapohapo honi ikalia nje.

Gari la wagonjwa lilikuwa limerudi. Milango ikafunguliwa kwa kishindo, machela ikaingia inakimbizwa. Juu yake msichana, fundi seremala, suruali ya kazi imejaa vumbi la mbao, msumeno umemrukia paja. Dereva alikuwa ameegemea kidonda kwa viganja vyote viwili na damu inapenya kati ya vidole vyake. Nyuma yao anakimbia mama mmoja, ndala mguu mmoja, mwingine mtupu.

"Fungua kifurushi!" Daktari alikuwa ameshavaa glavu.

"Cha wapi?" Sista akasita.

"Si kijana kasema vya juzi havina shida?"

"Zile pakiti za kwenye gari..."

"Ni chache mno, hizo tuweke akiba. Anza na vya juzi, kimbia!"

Sista akafungua kabati, akachukua kifurushi, akapita mbele ya benchi. Akasimama sekunde moja.

"Mama Chiriku, pole, najua si wakati wake. Hivi vya juzi si ulivifua kama kawaida?"

Watu wangu, swali lilikuwa dogo hivyo. Jibu lake ni neno moja. Mtoto alikuwa amekamata kidole chake, kakishika kwa ngumi nzima.

Mama Chiriku akamtazama mumewe. Akamtazama mjukuu. Akamtazama yule mama wa ndala moja, ambaye alikuwa amesimama mlangoni mwa thieta, palepale aliposimama yeye asubuhi, akiwaambia watu wasiomsikiliza kwamba mwanawe ana hofu ya sindano.

"Eti?" Sista alirudia.

"Ndiyo," Mama Chiriku alisema.

Sista akaingia thieta. Mlango ukajifunga nyuma yake.

"Unatetemeka," Baba Chiriku akamwambia. "Una nini?"

 Kutoka ndani ikasikika sauti ya karatasi ya kifurushi ikichanwa. Sauti ndogo tu. Na yule mama wa ndala moja akageuka, akamtazama mtoto mapajani mwa Mama Chiriku, akasema, kama vile watu wanavyosema wakikosa la kusema:

"Mzuri, dada. Mungu akukuzie."

Mama Chiriku akamrushia mumewe mtoto, karibu amdondoshe. Akausukuma mlango wa thieta kwa mwili mzima.

"Msiweke!" alipiga kelele. "Msimwekee! Ni vibovu! Vyote vibovu, vya jana, vya juzi, vya wiki nzima! Si mvuke, ni mimi! Nimevitia dawa ya kulainisha! Nimedanganya sasa hivi, Sista, nimekudanganya, vitoe, vitoe!"

Ndani hapakuwa na wa kuuliza mara mbili. Daktari alivitoa vile vitambaa kwa koleo akavitupa chini, vikatua sakafuni vyeupe vyeupe.

"Pakiti za kwenye gari!" alinguruma. "Zote! Na huyu mama mtoeni hapa!"

Dereva alikimbia. Muuguzi akamsukuma Mama Chiriku nje, mlango ukafungwa.

Korido ilikuwa imejaa watu, na wote walikuwa wamesikia. Katibu alikuwepo. Askari wa geti alikuwepo, na Fundi Mvuke pembeni yake, amekuja mbio kufuata zile kelele, macho yamemtoka. 

Baba Chiriku alikuwa amesimama katikati.

"Ulisema nini mle ndani?"

"Baba Chiriku..."

"Rudia. Nimekuwa kiziwi. Rudia ulichosema."

"Alisema vinamkwaruza," Mama Chiriku akajibu, na sauti ilikuwa ya mtoto mdogo. "Nilitaka viwe laini. Sikujua. Nilitaka viwe laini tu."

Akanyoosha mikono apokee mjukuu.

Mzee akamgeuza mtoto upande wa pili.

Hakufanya kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira. Aligeuka polepole, bega lake kubwa likaziba uso wa mtoto, akamtazama mkewe wa miaka yote ile kama mtu anayejaribu kukumbuka wamekutana wapi. Kisha akatembea mpaka kwa Fundi Mvuke. Mtoto alikuwa ameanza kulia.

"Nilikwambia usikanyage kwangu," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nisamehe. Weka mkono hivi, chini ya kichwa. Hivyo. Twende nyumbani, mwanangu."

"Na mama je?"

Baba Chiriku alikuwa ameshaanza kutembea. Wakaondoka wote watatu, mzee mbele, kijana nyuma amembeba mwanawe kwa woga. Fundi Mvuke aligeuka mara moja, machozi yanamtoka, mzee akamshika mkono akamvuta. Kilio cha mtoto kilisikika mpaka kwenye ngazi, mpaka uani, kisha hakikusikika tena.

Katibu akamnong'oneza askari. Askari, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimwamkia mama huyu kila asubuhi, akaja akasimama mbele yake, hajui mikono aiweke wapi.

"Shikamoo, mama," akasema, kwa mazoea. "Tunatakiwa twende ofisini."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza huu mlango ufunguke."

Askari akamtazama Katibu. Katibu akatazama pembeni. Wakamwacha.

Benchi lilikuwa na mtu mmoja tu, mama wa ndala moja. Mama Chiriku akakaa upande wa mwisho, mbali iwezekanavyo. Yule mama akasogea karibu.

"Dada, mimi sikuelewa vizuri," alisema. "Walikuwa wameshamwekea? Au uliwahi?"

"Sijui."

"Na wewe mwanao yuko humo?"

Mama Chiriku akatazama mlango.

"Alikuwamo," alisema.

Yule mama akamshika mkono, akaufinya, akauacha hapo.  Walikaa hivyo, wanawake wawili wasiojuana hata kwa sura, wanasikiliza. Ndani vyuma viligongana. Sauti ya Daktari ikapanda, ikashuka. Kisha hatua za mtu mmoja zikaja mlangoni.

Daktari alitoka, kinyago kimeshuka shingoni, glavu bado mikononi. Macho yake yalikuwa yamechoka mno hata hakuona aliyekaa pale ni nani.

"Mama yake ni yupi?" aliuliza.

Wote wawili wakasimama.